Kufundisha Namna Mmea Unavyojikinga: Kutu ya Shina katika Mashamba ya Karatu

Mwalimu wa Bayolojia aliye Karatu hana haja ya kuagiza zana kutoka mbali ili afundishe maradhi ya mimea. Ngano na shayiri hulimwa katika nchi ya juu iliyo kati ya ukingo wa Bonde la Ufa na msitu wa Ngorongoro, na kutu huzifuata. Hata hivyo, mara nyingi somo hili huishia katika orodha ya jina la ugonjwa, dalili na dawa. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba mmea hukaa tu ukingoja kuliwa. Mtoto huyo ndiye atakayechagua mbegu ya kupanda kesho. Naye asipojua kwamba mmea hujitetea, hatatambua kwa nini mbegu moja huhimili na nyingine huangamia katika shamba lile lile.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Neno ukungu lina maana mbili, na ni rahisi kwa mtoto kudhani kwamba ukungu wa asubuhi unaoshuka kutoka Ngorongoro ndio unaogeuka kuwa ugonjwa. Hakukosea kabisa, kwani vijimbegu vya kutu huhitaji unyevu juu ya mmea ili viote. Lakini kiumbe chenyewe yafaa tukiite kuvu, ili maana hizo mbili zisichanganyike.

Kikwazo cha pili ni mfano wa askari, unaopendwa mno na vitabu. Mmea hauna damu wala chembe za kuzunguka na kupigana. Kila chembehai hujilinda papo hapo ilipo, na ili ifanye hivyo lazima habari ya adui ifike kutoka ukingoni mwake hadi ndani. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kinasi huchukua fosfeti moja kutoka katika adenosini trifosfeti na kuibandika juu ya protini nyingine. Protini hiyo hubadilika umbo na kuanza, au kuacha, kazi yake.

Jambo hili hufundishika kwa punje za mahindi. Mwanafunzi mmoja asimame mbele awe kipokezi, nyuma yake wawili, kisha wanne, kisha wanane. Kila mmoja, isipokuwa wale wanane, awe na punje zake mwenyewe. Kipokezi akiguswa, awape punje wawili walio nyuma yake; kila apewaye huamka na kuwapa wengine wawili kutoka katika akiba yake. Tunasisitiza: punje moja isipitishwe mkono kwa mkono hadi mwisho. Mchezo wa namna hiyo huficha jambo lililo kuu, yaani kwamba mguso mmoja umeamsha wanane. Katika mimea mingi iliyochunguzwa, kinasi tatu hufuatana hivyo, na mwishowe jeni za ulinzi huwashwa. Pengine chembehai iliyovamiwa hujiua. Kuvu ya kutu hula chembe zilizo hai tu, kwa hiyo hufa njaa.

Kwa mfano halisi tunapendekeza shayiri. Mwaka 1935, kutu ya shina ilipoharibu mashamba ya North Dakota, Marekani, mkulima Sam Lykken aliona mmea mmoja wa shayiri uliosalia mzima, akautunza. Ukoo wake ulitoa aina iitwayo Kindred. Jeni iliyoulinda, Rpg1, ilitambuliwa mwaka 2002, ikaonekana kuwa ni ya kinasi. Baadaye ilidhihirika kwamba, vijimbegu vya kuvu inayotambulikana vikigusa jani, protini hiyo hubandikwa fosfeti katika muda wa dakika 5 tu, kabla kuvu haijaingia ndani.

Mwalimu asikomee hapo, maana habari hii ina upande wa pili, nao unatuhusu zaidi. Mwaka 1998 kutu mpya ya shina, Ug99, ilionekana katika ngano nchini Uganda. Mwaka 2009 ikathibitishwa kuwapo Tanzania. Rpg1 haiizuii. Katika mchezo wetu, kipokezi anaguswa na mkono asioujua, naye hatoi punje hata moja, ingawa safu zote za nyuma ni timamu. Mwalimu aurudie mchezo hivyo, wanafunzi wakae kimya wakitazamana. Kimya hicho huwafundisha kuliko maelezo. Jeni nyingine ya shayiri, Rpg5, iliyotambuliwa mwaka 2008, husaidia kuizuia Ug99; nayo protini yake ina kipande cha kinasi.

Kwa kazi ya nje, wanafunzi walinganishe mimea ya aina mbili za mbegu katika shamba moja: wahesabu vipele vyekundu vya kahawia kwenye mashina kumi ya kila aina, na wapime ukubwa wake. Kipele kidogo kilichozungukwa na doa lililokufa ni alama ya mmea uliojitetea. Mashina yaliyokatwa yachomwe shuleni, na wanafunzi wakung'ute nguo na kunawa kabla ya kupita katika shamba la mtu mwingine.