Mafunzo Niliyopata Nikiokota Taka Kando ya Mto Thika

Mvua za masika za 2024 ziliitesa Kenya. Kati ya Machi na Mei watu zaidi ya 280 walifariki kwa mafuriko, na huku kwetu mito ya Chania na Thika, ambayo hukutana chini ya maporomoko ya Blue Posts, ilifurika. Maji yaliposhuka, mimi na majirani wa mtaa wa Makongeni, mjini Thika, tulibeba magunia na reki tukateremka mtoni. Niliyojifunza huko ni haya.

1. Subiri mto utulie, ila usisubiri nyasi

Siku za mwanzo ukingo hauaminiki. Maji yameula kwa chini, na unaposimama juu yake unaweza kuporomoka nawe. Ukichelewa nako, magugu yanaota juu ya tope na kufunika kila kitu. Sisi tulianza tope lilipokauka na kupasuka. Na jua la Thika lisikudanganye: mito hii inatoka Aberdare, na mvua ikinyesha kule usiku, huku maji yanapanda pasipo wingu hata moja. Lazima mmoja wenu awe na kazi ya kuyaangalia maji tu.

2. Anzia juu

Nailoni zilikuwa zimening'inia matawini, juu kuliko kichwa changu. Hapo ndipo maji yalipofika. Tulitaka kuanza na chupa zilizolala chini kwa sababu zilikuwa rahisi kuokota, lakini mzee mmoja anayelima nduma hapo akatuambia, "Mama, mkianzia chini mtaokota mara mbili. Upepo ukivuma, hizo za juu zote zitawaangukia." Tukachukua miti mirefu yenye ndoano, na kweli akatuokolea kazi.

3. Mfuko uliopigwa marufuku bado uko

Hili ndilo lililonigusa zaidi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Mafuriko yalipokata ukingo, yaliacha ukuta wa udongo mwekundu, na ndani yake mifuko ile ya zamani imepangana tabaka kwa tabaka. Nilivuta mmoja taratibu. Mizizi ya nyasi ilikuwa imeutoboa, lakini jina la supamaketi, ambayo siku hizi imeshafungwa, lilisomeka herufi zote.

Juu ya matabaka hayo mifuko ya kubebea ilikuwa michache, na mimi naamini kwa dhati kwamba sheria ile ilifanya kazi. Tulichokuta huko juu ni karatasi za mkate, pakiti za maziwa na vifuko vidogo vya sabuni, yaani vifungashio vya kiwandani ambavyo marufuku iliviacha. Anayetaka kujua sheria ijayo ishughulikie nini aende akasimame mbele ya ukuta ule.

4. Nepi ni kazi ya watu wazima

Nepi iliyonyonya maji ya mto ni nzito ajabu, na inachanika ukiivuta. Tumia reki au koleo, vaa glavu nene za mpira na gambuti, maana chini ya tope kuna vioo na sindano. Watoto wabaki nyumbani hata wakiomba kuja. Maji ya kunawa yatoke bombani pamoja na sabuni, yasichotwe mtoni. Mei ile ile, kipindupindu kiliripotiwa katika Kaunti ya Tana River, ambako maji yetu haya haya hupita.

5. Jua gunia litaenda wapi kabla ya kulijaza

Gunia lililoachwa ukingoni ni la mto. Mvua moja tu na limeondoka. Patana mapema na mwenye mkokoteni au lori la kwenda jaa la Kang'oki. Toboa magunia chini ili maji yachuruzike. Plastiki ngumu na chuma vitenge pale pale, kwa kuwa vina wanunuzi. Nailoni laini hainunuliwi na mtu, na ndiyo nyingi kuliko vyote.

6. Fuata mtaro

Tuliamua kurudi nyumbani kwa kufuata mitaro badala ya barabara, na taka zilituongoza hadi milangoni petu. Mtu anajenga ploti ya vyumba vingi, anakusanya kodi kila mwezi, na hajaweka hata pipa moja. Mpangaji anayetoka alfajiri kwenda kazini atamwaga taka wapi? Simlaumu mpangaji kama ninavyomlaumu mwenye ploti. Kutoka mtaroni taka zinaingia mto Thika, zinafika bwawa la Masinga, lililojaa likafurika mwaka ule, na zinazovuka hapo zinashuka na Tana hadi Garissa na hata Kipini, baharini.

Kabla ya mvua za vuli tulizungumza na wenye ploti, mlango kwa mlango. Wengine walitufukuza. Mmoja alikubali kufunga wavu wa chuma kwenye mdomo wa mtaro wake, na vijana wa hapo huusafisha kila mvua inapokatika. Plastiki ngumu wanauza wenyewe, na nailoni mwenye ploti ndiye anayezilipia mkokoteni.