Somo la Ibtidai Mwezi Huu: Udhu Uliotimia

 

Mwezi huu watoto wetu wa Ibtidai wanajifunza udhu. Huenda mzazi akasema, "Mbona mwanangu anaujua zamani?" Ni kweli, wengi wanazitaja nguzo zake bila kukwama. Lakini kuzitaja ni jambo moja, na kufikisha maji panapotakiwa ni jambo jingine. Ndiyo maana mwezi huu somo letu tunalifanyia mferejini kuliko ubaoni.

Nguzo za udhu

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayosomesha, nguzo za udhu ni sita:
1. Kutia nia moyoni wakati wa kuanza kuosha uso.
2. Kuosha uso wote.
3. Kuosha mikono miwili pamoja na viwiko.
4. Kupaka maji sehemu ya kichwa.
5. Kuosha miguu miwili pamoja na vifundo.
6. Kufuata utaratibu huu bila kupangua.

Asili ya viungo hivi vinne ni aya ya 6 ya Suratul Maida. Kuosha viganja mwanzoni, kupiga mswaki, kusukutua, kupandisha maji puani, kupaka masikio na kurudia mara tatu ni sunna. Mtoto akiona jirani yake anapaka maji kichwa kizima, asimcheke. Wako maimamu waliosema kuwa hivyo ndivyo inavyopasa, na kwetu sisi ni sunna.

Panaposahauliwa

Amepokea Abdullah bin Amr (R.A.) kwamba walikuwa safarini na wakati wa sala ya Alasiri ukawabana. Wakatawadha kwa haraka. Mtume (S.A.W.) akawakuta katika hali hiyo, akanadi kwa sauti ya juu kuwaonya juu ya visigino na adhabu ya Moto. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na katika Muslim imo habari ya mtu aliyeacha mguuni mahali padogo mno, kiasi cha ukucha, bila ya kupata maji. Mtume (S.A.W.) akamwambia arudi atawadhe vizuri.

Basi angalieni, wanafunzi wetu! Sahaba wale hawakuacha udhu; walikuwa na haraka tu. Nasi haraka yetu ni ile ya kengele ya mapumziko. Sehemu tunazowakumbusha kila siku ni hizi:
• Visigino na baina ya vidole vya miguu.
• Viwiko, hasa mkono wa kanzu usipokunjwa ukapanda juu.
• Pembezoni mwa uso, karibu na masikio.
• Kichwa, kwa wasichana. Kupapasa juu ya mtandio hakutoshi. Ingiza mkono ndani, maji yafike kwenye nywele.
• Kucha. Rangi ya kucha, gundi na unga uliokauka huzuia maji, basi viondolewe kwanza. Hina ikishabanduliwa hubaki rangi tu, nayo haina neno.

Maji si ya kumwaga

Kutimiza udhu si kufungulia mfereji mpaka mwisho. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokusanywa pamoja. Hiyo haifiki lita moja. Kwa hiyo kila mtoto hapa anapewa kopo moja la lita moja na kuambiwa atawadhe nalo. Mwenye kumimina kidogo kidogo na kusugua kwa mkono humaliza na maji yakabaki. Mwenye kumwaga hufika miguuni kopo tupu.

Kwenu wazazi

Mtoto huamrishwa sala akiwa na miaka saba, na sala haisihi bila ya tohara. Akikosea udhu utotoni na asirekebishwe, huenda akakua nao hivyo hivyo mpaka uzeeni. Tunakuombeni siku moja katika wiki msimame naye anapotawadha Magharibi. Msimkemee, mtazameni, kisha mguseni kisigino. Kikiwa kikavu, mwambieni akirudie. Naye akikukumbusheni jambo, mpokeeni kwa furaha.

Maswali ya nyumbani
1. Taja nguzo sita za udhu kwa utaratibu wake.
2. Kwa nini rangi ya kucha huzuia udhu na hina haizuii?
3. Tawadha kwa kopo la lita moja mbele ya mzazi. Je, maji yalibaki?

Mwezi ujao, inshaallah, tutasoma yanayotengua udhu. Allah atutakase nje na ndani, na azikubali sala zetu. Amin.