Ukishuku Mtoto Anadhulumiwa Michezoni, Anzia Wapi?

Michezo ya shule inapofika kiwango cha kaunti ndogo na kaunti, watoto wetu huondoka nyumbani na mwalimu mmoja au wawili, hulala katika shule iliyoandaa mashindano, na hurudi baada ya siku kadhaa. Wengi hurudi salama. Lakini kocha ana uwezo ambao mwalimu wa Hisabati hana: ndiye anayeamua nani acheze na nani akae benchi, na mara nyingi ndiye anayempendekeza mchezaji kwa shule zinazotoa ufadhili wa karo. Uwezo huo ukitumiwa vibaya, mtoto hunyamaza asije akapoteza nafasi yake. Mzazi naye hunyamaza kwa kutojua aanzie wapi.

Mazoezi makali si dhuluma, na kocha kupaza sauti uwanjani si kosa. Kumpiga mchezaji kwa sababu timu imeshindwa ni kosa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili. Kumnyima mtoto maji kama adhabu, au kumlazimisha acheze akiwa ameumia, pia ni mambo ya kuripoti.

Upande wa dhuluma za kingono, dalili za mapema ndizo wazazi huzipuuza. Mtoto aliyependa mpira kupindukia anaanza kutafuta visingizio vya kukosa mazoezi. Ana simu au viatu ambavyo hukumnunulia. Kocha anampigia usiku, au anamwita peke yake chumbani “kumkanda misuli”. Hizi si dalili za wasichana pekee. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamlinda mvulana sawasawa na msichana, ingawa wazazi wa wavulana ndio hukawia zaidi kushuku.

Dalili si ushahidi, na huhitaji ushahidi ili uripoti. Kutafuta ushahidi ni kazi ya polisi. Kazi yako ni kusema unachojua na kile kinachokutia shaka.

Mtoto akikueleza

Msikilize bila kumkatiza wala kumuuliza kwa nini alikubali. Mwambie kwamba hana kosa. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu itabidi uwaambie wanaoweza kusaidia. Baadaye andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na siku na mahali. Usimrekodi video, na usimfanye arudie kisa mbele ya shangazi, mjomba na majirani. Kadiri anavyohojiwa na watu wengi ndivyo anavyochoka na kuchanganyikiwa, na wakili wa mshtakiwa atatafuta tofauti hizo mahakamani.

Ikiwa kuna jumbe kwenye simu, usizifute na usizisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Wala usikimbilie kumkabili kocha. Ukimshtua, atafuta alicho nacho, au atahama.

Hospitali na polisi kabla ya ofisi ya mwalimu mkuu

Wazazi wengi huanza na mwalimu mkuu. Inaeleweka, kwa kuwa ndiye wanayemjua. Hata hivyo, mtoto akiwa ameguswa mwili au amenajisiwa, shule isiwe kituo cha kwanza. Wako wakuu wa shule wanaochukua hatua saa hiyohiyo, na wako wanaoitisha kikao kwanza ili jina la shule lisichafuke. Huwezi kujua wako ni yupi.

Nenda hospitali ya umma iliyo karibu. Afya ni jukumu la serikali ya kaunti. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, zinazojulikana kama PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ndivyo bora. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa ndani ya saa 120. Mtoto asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa maana plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu sampuli. Matibabu hayasubiri ripoti ya polisi. Hata kama wiki zimepita, bado nenda, kwa sababu kuna ushauri nasaha na vipimo vingine.

Kisha nenda kituo cha polisi, uulize dawati la jinsia. Hakikisha taarifa yako imeandikwa katika kitabu cha matukio na umepewa nambari ya OB. Bila nambari hiyo itakuwa vigumu kufuatilia. Utapewa fomu ya P3 ijazwe na daktari, na fomu hiyo hailipiwi. Ikiwa tukio lilitokea safarini katika kaunti nyingine, anza na kituo kilicho karibu nawe. Mjulishe pia afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Huyu ni afisa wa serikali ya kitaifa, na chifu wako atakuelekeza kwake.

Baada ya hapo ndipo uiandikie shule, na ubaki na nakala. Mshukiwa akiwa mwalimu, peleka malalamiko kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, katika ofisi yake ya kaunti au kaunti ndogo. Huhitaji ruhusa ya mwalimu mkuu. Waraka nambari 3 wa TSC wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu anayejua kuhusu dhuluma ya kingono aripoti, na anayeficha anaweza kuadhibiwa.

Shida ni kwamba makocha wengi si walimu. Wapo walioajiriwa na bodi ya shule, na wapo wanafunzi wa zamani wanaojitolea. TSC haina nidhamu juu yao, kwa hivyo malalamiko yaende kwa bodi na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Sheria ya jinai lakini inawafikia wote. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinampa mwalimu, mfanyakazi wa shule au mtu yeyote aliyeaminiwa mtoto, akitumia nafasi hiyo kumdhulumu kingono, kifungo kisichopungua miaka 10.

“Tuyamalize nyumbani”

Huenda ukaletewa wazee, mbuzi au bahasha. Maslaha ya aina hiyo hayafuti kosa. Kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha sheria hiyohiyo, mzazi, chifu au polisi hawana uwezo wa kuamua kesi ya aina hii isitishwe. Uamuzi huo ni wa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali.

Wengine watakuambia kwamba hakuna shahidi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyedhulumiwa pekee, iwapo hakimu ataandika sababu za kuamini kwamba mtoto anasema kweli. Na wanaodhani serikali haiguswi wakumbuke uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2015: wanafunzi wawili waliodhulumiwa na mwalimu walipewa fidia ya jumla ya Sh5 milioni, na TSC na Serikali zikahesabiwa kuwajibika pamoja naye.

Ikiwa bado hujui uanzie wapi, au unaogopa kuonekana kituoni, piga 116, nambari ya kuwasaidia watoto. Hailipishwi, na inajibiwa usiku na mchana. Nambari 1195, ya dhuluma za kijinsia, pia ni ya bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, hivyo mwandikie nambari hizo kwenye daftari lake kabla ya safari ijayo ya michezo.