Zabibu moja, bei mbili: somo la Beaujolais

Mfanyabiashara anayepitia orodha ya bei za jumla za mvinyo wa Ufaransa hukutana na jambo linalotatanisha anapofika kwenye Beaujolais. Chupa mbili zimetoka wilaya moja, zimetengenezwa kwa zabibu ya aina moja, pengine hata na mkulima yuleyule. Lakini moja inatakiwa iwe imeuzwa na kunywewa katika miezi michache, na nyingine inaweza kulala ghalani miaka kumi ikazidi kuwa nzuri. Anayezichanganya hufungia mtaji wake katika bidhaa inayopoteza thamani kila mwezi.

Zabibu hiyo huitwa Gamay. Ganda lake ni jeusi, huiva mapema na huzaa sana, na kuzaa sana ndiko kulikoiponza. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, aliyetawala Burgundy, aliamuru Gamay ing'olewe katika mashamba yake ili kuipisha Pinot Noir, ambayo huzaa kidogo. Kwa lugha ya soko, mtawala huyo alikuwa akilinda jina la bidhaa ya daraja la juu. Gamay ilistawi zaidi kusini, kwenye vilima vya Beaujolais, kaskazini ya jiji la Lyon, na huko hadi leo imeshika karibu mashamba yote.

Utengenezaji wake una namna yake. Vishada vizima huingizwa tangini bila kupondwa, tangi likafungwa na kujaa hewa ya ukaa. Uchachukaji huanzia ndani ya tunda lenyewe. Rangi na harufu ya matunda hutoka, ila ukakasi wa maganda na kokwa hubaki kidogo. Kwa kuwa vishada havitakiwi kupasuka, kazi kubwa ya kuvuna hufanywa kwa mikono, na gharama hiyo imo ndani ya bei.

Njia hiyo ndiyo iliyozaa Beaujolais Nouveau, mvinyo unaouzwa majuma machache tu baada ya mavuno. Tangu 1985 siku yake ya kuingia sokoni ni Alhamisi ya tatu ya Novemba. Georges Duboeuf, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyeivumisha zaidi duniani. Faida yake kwa mkulima ni dhahiri: fedha zinarudi kabla ya mwaka kwisha, wakati wenzake wa wilaya nyingine bado wanalipia mapipa na ghala.

Hata hivyo, biashara ya tarehe moja ina hatari zake. Mavuno ya 2001 yalipododa, mamilioni ya lita za Beaujolais ziliondolewa sokoni, nyingi zikakenekwa kuwa spiriti. Mwaka 2022 nauli za mizigo ya ndege zilipanda, na Japani, mnunuzi mkubwa wa Nouveau, ikashuhudia bei ya chupa ikiruka na waagizaji wakipunguza oda. Mzigo unaosafiri kwa meli hautegemei nauli za ndege, lakini Nouveau haiwezi kungoja meli.

Upande wa pili wapo wale wakubwa kumi, vijiji na vilima vya kaskazini ya wilaya ambavyo kila kimoja huuza kwa jina lake. Miongoni mwao ni Morgon, Fleurie, Brouilly na Moulin-à-Vent. Ardhi yao kwa sehemu kubwa ni ya miamba ya graniti, na sheria haiwaruhusu kuuza Nouveau. Mara nyingi neno Beaujolais halionekani kabisa mbele ya chupa, ndiyo maana wanunuzi wengi huzipita bila kuzitambua. Kwa ubora wake, bei ya Morgon nzuri bado ni nafuu ikilinganishwa na Burgundy ya jirani. Kati ya madaraja hayo mawili ipo Beaujolais-Villages, inayotoka katika vijiji 38.

Mwenye hoteli ataipenda Gamay kwa sababu nyingine. Ukakasi wake ni mdogo na uchachu wake ni wa kutosha, hivyo haigombani na vyakula vingi. Nyepesi inyweke ikiwa baridi kidogo, nyuzi 12 hadi 14, pamoja na kuku wa kuokwa, soseji za Lyon, jibini laini, hata samaki mwenye mafuta kama samoni, ambaye mvinyo mwekundu mkali humharibu na kuacha ladha ya chuma mdomoni. Chakula chenye viungo nacho huafikiana nayo, kwani ukakasi mwingi huzidisha ukali wa pilipili. Morgon na Moulin-à-Vent zinahitaji chakula kizito zaidi: bata, au nyama ya ng'ombe iliyochemshwa polepole.

Kabla ya kulipa, muuzaji asome vitu viwili kwenye lebo: jina la mahali na mwaka wa mavuno. Nouveau ya mwaka uliopita inayotolewa kwa punguzo kubwa mwezi wa Septemba ina miezi kumi tayari, na Novemba mpya inabisha hodi. Morgon ya umri huohuo ndiyo kwanza inaanza kufunguka.