Mgeni Akikutafuta Mtandaoni, Akute Kazi Yako

Wahitimu wa lugha na tafsiri hunijia mara kwa mara na swali moja: kazi za nje zinapatikanaje kama huna mjomba wala shangazi ofisini? Mimi ni mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili, nimejikita kwenye masuala ya afya, na ninaishi Morogoro. Wateja wangu wengi hatujawahi kuonana ana kwa ana. Walinikuta mtandaoni, wakasoma kazi zangu, wakaniandikia.

Jibu langu kwa vijana hao ni hili: mtu asiyekujua hana sababu ya kukuamini, kwa hiyo usimwombe akuamini. Mpe kitu anachoweza kukikagua mwenyewe. Nitaeleza hatua ninazozifuata kwa mifano ya kazi yangu, lakini mhasibu, mwandishi wa programu au bwana shamba naye anaweza kuzifuata kwa mifano ya fani yake.

1. Chagua jambo moja la kujulikana nalo

Msimamizi wa miradi katika kampuni ya tafsiri anapoingia LinkedIn, hatafuti "kijana mchapakazi". Anaandika lugha mbili anazozihitaji, pengine na fani, kisha anasubiri majina yatokee. Maneno hayo yasipokuwemo kwenye wasifu wako, jina lako halitatokea, hata uwe hodari namna gani.

Anzia kwenye mstari ulio chini ya jina lako. Una nafasi ya herufi 220, na kwenye simu mara nyingi huonekana sehemu ya mwanzo tu. Wengi huutumia kuandika "Mtaalamu mwenye ari anayetafuta fursa mpya". Maneno hayo yanamfaa kila mtu, kwa hiyo hayamtofautishi yeyote. Mimi ningeandika hivi: "Mfasiri wa Kiingereza–Kiswahili, afya na utafiti wa tiba: fomu za ridhaa, vipeperushi vya dawa, madodoso." Na kwa kuwa wateja wa nje hutafuta kwa Kiingereza, mstari huo uandike kwa Kiingereza.

Wapo wanaoogopa kwamba wakitaja fani moja watakosa kazi za fani nyingine. Mimi nimeona kinyume chake. Mteja aliyekuja kwa ajili ya kipeperushi cha dawa, akiridhika, hurudi na kitabu cha shule au tangazo la benki. Kinachomvuta mara ya kwanza ni kuona kwamba kazi yake unaijua hasa. Chagua fani kwa kutazama ulichonacho tayari: ulichosoma, kazi ulizowahi kufanya, mambo unayoyasoma hata pasipo mtu kukulipa.

2. Muhtasari uanze na kazi

Sehemu ya kujieleza kwenye LinkedIn inachukua hadi herufi 2,600, lakini msomaji huona mistari michache ya mwanzo tu hadi abonyeze aone zaidi. Mistari hiyo usiipotezee kwenye historia ya shule ya msingi. Iseme unafanya nini, unamfanyia nani, na ushahidi uko wapi. Mfano: "Ninatafsiri nyaraka za afya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwa ajili ya watafiti na mashirika yanayohudumia wagonjwa Afrika Mashariki. Sampuli tatu za kazi zangu ziko hapa chini, kila moja pamoja na andiko lake la asili."

Baada ya hapo taja programu unazozitumia, kama Trados au memoQ, saa zako za kazi na namna ya kukupata. Picha iwe na mwanga wa kutosha, uso uonekane, na isiwe imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi. Jina liwe lile lile kila mahali: kwenye LinkedIn, kwenye barua pepe na kwenye mkataba. Ukiwa na jina la ndoa huku na la ubini kule, mtu anayekutafuta atadhani ni watu wawili.

3. Tengeneza kazi za kuonyesha

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi. Mfasiri husaini mkataba wa usiri, kwa hiyo hana ruhusa ya kuanika nyaraka za mteja. Anayeanza naye hana mteja kabisa. Wote wawili wana njia, na njia hiyo haiwavunjii mkataba.

Kwanza, tumia maandiko ambayo wenyewe wameruhusu yatafsiriwe. Shirika la Afya Duniani, WHO, hutoa machapisho yake mengi kwa leseni ya wazi inayokuruhusu kuyatafsiri na kuyasambaza bila kuyafanyia biashara. Sharti ni kutaja chanzo, kutumia leseni ya aina hiyo hiyo, kutoweka nembo ya shirika, na kuandika waziwazi kwamba tafsiri hiyo haikufanywa na WHO na kwamba shirika hilo haliwajibiki kwa usahihi wake. Soma ukurasa wa leseni wa kila chapisho kabla ya kuanza. Chagua kurasa mbili au tatu zinazohusu jambo linalowagusa watu wa kwenu, malaria kwa mfano, au afya ya mama na mtoto, kisha zitafsiri kama unayelipwa. Mpe mwenzako azihakiki, sahihisha, ndipo uzipandishe pamoja na asili yake.

Pili, Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Kila makala ina ukurasa wa historia unaoonyesha nani aliandika nini na lini. Ukiandika makala kadhaa za fani yako kwa jina moja la mtumiaji, mtu yeyote duniani anaweza kuona ulivyoanza, ulivyosahihishwa na ulivyokua. Shahidi wa namna hiyo hanunuliwi.

Tatu, jitolee kwa utaratibu. Translators without Borders, ambayo sasa ni sehemu ya CLEAR Global, hupokea wafasiri wa kujitolea na imekuwa ikitumia Kiswahili katika kazi za kibinadamu. Unapata kazi halisi, mhakiki halisi, na kumbukumbu ya ulichofanya. Jiwekee mpaka wa muda unaoutoa, kwa sababu kodi ya nyumba hailipwi kwa shukrani, na usikubali kampuni ya biashara ikuombe kurasa nyingi za bure kwa jina la majaribio. Aya moja au mbili za jaribio ni jambo la kawaida. Waraka mzima ni kazi, na kazi hulipwa.

Nne, ProZ, uwanja wa wafasiri ulioanzishwa mwaka 1999. Wafasiri huuliza humo istilahi zinazowatatiza, na anayetoa jibu linalochaguliwa hupata pointi zinazomsogeza juu katika orodha ambayo wateja huipekua. Ukiwa na nusu saa jioni, jibu swali moja vizuri, ukitaja kamusi au waraka ulikolitoa jibu lako.

Wa fani nyingine wana viwanja vyao. Mwandishi wa programu ana GitHub, mchora ramani ana OpenStreetMap, mpiga picha ana ukurasa wa picha zake.

4. Omba ushuhuda mapema

Mteja hukumbuka vizuri uliyomfanyia katika wiki ile ile aliyopokea kazi. Mwandikie wakati huo, na umwambie ungependa agusie nini. Ukimwambia "naomba uniandikie chochote", atakuahirisha. Ukimwambia "ungeweza kueleza kwa mistari mitatu jinsi tulivyoshughulikia maswali ya wahakiki?", mara nyingi atakujibu siku ile ile. Ushuhuda mmoja unaotaja mradi, tatizo na matokeo unazidi sifa ishirini za kubonyezewa tu.

5. Waendee watu walio mbali kidogo na wewe

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti uliosomwa sana. Aliwauliza wafanyakazi waliopata kazi kupitia watu wanaowafahamu: mtu huyo mlikuwa mkionana mara ngapi? Wengi walijibu kwamba walionana kwa nadra, au mara moja moja tu. Sababu inaeleweka: marafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe, lakini mtu wa mbali anaishi kwenye habari nyingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka mitano. Uligundua kwamba waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya walikuwa wale wasio wa karibu mno wala wa mbali mno, watu mnaofahamiana mkiwa na marafiki wachache wa pamoja.

Kwa mfasiri, watu hao ni nani? Wa kwanza ni wafasiri wa lugha jirani: Kisomali, Kinyarwanda, Kiganda, Kiamhari. Dodoso la afya la Afrika Mashariki halitafsiriwi kwa lugha moja. Mfasiri wa Kisomali akishapokea kazi yake, msimamizi wa mradi humuuliza, "Unamjua mtu wa Kiswahili?" Ninyi wawili hamgombanii kazi, na kila mmoja anaweza kumtaja mwenzake kwa moyo mweupe. Kazi zangu nzuri zaidi zimekuja kwa njia hiyo.

Wa pili ni wasimamizi wa miradi wenyewe. Wa tatu ni watu wa fani yako: wauguzi, wafamasia, watafiti. Hao watakusaidia kuelewa andiko, na siku taasisi zao zikihitaji mfasiri watakukumbuka.

Unapotuma mwaliko, andika ujumbe. Akaunti za bure zina idadi ndogo ya mialiko yenye ujumbe, kwa hiyo itunze kwa watu unaowahitaji kweli. Kwa mfasiri mwenzako: "Habari za kazi. Nimesoma maelezo yako kuhusu madodoso ya lishe, yamenisaidia. Mimi ninafanya Kiswahili katika fani hiyo hiyo. Ningependa tufahamiane." Hakuna ombi la kazi hapo. Kwa mwalimu wako wa zamani au mtu aliyekuzidi umri, anza na "Shikamoo Mwalimu", mjulie hali, ndipo useme neno lako. Heshima ya nyumbani haikomi kwa kuwa mmekutana kwenye skrini. Kwa msimamizi wa mradi aliyeko Ulaya, kinyume chake, sentensi ya kwanza iwe na lugha, fani na kiungo cha sampuli, maana anasoma barua nyingi kwa siku.

Kisha endelea kuwa mtu mwema. Mpongeze mtu kwa kazi yake na utaje hasa kilichokupendeza. Kazi isiyo ya fani yako ukiipata, mpe jina la anayeiweza. Mtandao wa watu ni kama shamba la minazi: anayeupanda leo hasubiri kuvuna kesho, lakini ukishaanza kuzaa huzaa miaka mingi.

6. Andika unachokijua

Si lazima uandike kila siku. Chapisho moja zuri kila wiki mbili linatosha, na bando la wiki linalibeba. Eleza jinsi kazi inavyofanyika. Mimi niliwahi kueleza kwa nini fomu ya ridhaa ya utafiti ikishatafsiriwa hupewa mfasiri wa pili ambaye hajaiona asili, airudishe kwenye Kiingereza, kisha matini mbili za Kiingereza zilinganishwe ili kuona maana ilipopotea. Watafiti walilisambaza chapisho hilo, kwa sababu liliwafafanulia gharama wanayolipa bila kujua inakwenda wapi.

Zipo pia nyakati ambazo masikio yamefunguka. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwishoni mwa mwaka 2021, taasisi nyingi huzungumzia lugha hii mwezi huo. Andaa makala yako mwezi Juni.

7. Jilinde

Anayeonekana na wateja huonekana na matapeli pia. Wapo wanaochukua wasifu (CV) wa mfasiri, wakabadilisha anwani ya barua pepe tu, kisha wakaomba kazi kwa jina lake. Kwa hiyo usipandishe CV yako kamili hadharani. Namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya nyumbani havihitajiki ili mtu ajue kama unatafsiri vizuri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe.

Kabla ya kukubali kazi, hakikisha barua pepe inatoka kwenye anwani ya kampuni yenyewe, na tazama kwenye Blue Board ya ProZ wafasiri wengine wanasemaje kuhusu malipo yake. Mtu akikuomba ada ya usajili ili akupe kazi, achana naye. Akikulipa zaidi ya mlichokubaliana na kuomba umrudishie chenji, usirudishe kitu; huo ni wizi unaojulikana.

Anza wiki hii

Ninayasema haya kwa sababu nimechoka kuona vijana hodari wakikaa kimya, wakiamini kwamba milango yote imeshikwa na wenye ndugu. Kujuana kupo na kuna nguvu, lakini mtandaoni unaweza kujuana na watu kwa kazi ya mikono yako. Wiki hii fanya mambo matatu: andika upya mstari ulio chini ya jina lako, tafsiri kurasa mbili za chapisho lenye leseni ya wazi, na umwandikie mfasiri mmoja wa lugha jirani. Wiki ijayo tafuta mhakiki wa kurasa zile mbili, na akishazipitisha, zipandishe.