Tuwape fulana au tuwape fedha?

Swali: Tuko Doha kikazi, wengi wetu wenyeji wa Mombasa. Tumechanga fedha za kusaidia vijana wa mtaani kwetu wanaozoa taka na kuibana kaunti irekebishe mitaro. Baadhi yetu wanataka tuwanunulie fulana na makoleo, wengine tutume fedha. Tufanyeje?

Jibu: Tumeni fedha, tena msiwapangie kila senti. Fulana hupendeza pichani, lakini vikundi vingi huangushwa na mambo yasiyopigwa picha: nauli ya kwenda ofisi za kaunti, kodi ya chumba, bando la simu, chai ya kikao. Kijana anayemfuatilia mhandisi wiki nzima hawezi kula koleo.

Kisha, heri kidogo kwa miaka 3 kuliko kikubwa cha mara moja. MYSA, shirika la michezo la vijana wa Mathare, Nairobi, lilianza mwaka 1987 na ligi ya mpira ambamo timu hupata pointi pia kwa kusafisha mtaa, na vijana wenyewe hushika uongozi. Kazi ya namna hiyo haijengwi kwa mchango wa Ramadhani moja.

Kuhusu uaminifu, ombeni cheti cha usajili, akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na picha ya ukurasa wa daftari la mapato na matumizi kila mwezi kwa WhatsApp. Yatosha. Kudai ripoti ya kurasa 20 kwa shilingi 15,000 ni kuwaonea.

Na siku watakapomkosoa diwani mnayemuunga mkono, tafadhalini, msiwapigie simu kuwanyamazisha.