Mas-ala ya Tajiri Mwenye Kutukana

Miongoni mwa maswali yaletwayo katika darasa yetu, liko moja ambalo hurudi kwa sura mbalimbali: kijana ameajiriwa katika kampuni ndogo, na mwenye kampuni humtukana. Je, asubiri? Amjibu? Au aiwache kazi?

Aliyelileta safari hii ni dereva wa lori, mtoto wa mji huu, achukuaye shehena kutoka bandari ya Kilindini kwenda Malaba. Kampuni yao ina malori manne na watu wasiofika kumi. Tajiri ndiye meneja, ndiye karani, na ndiye mlipaji mshahara. Hakuna aliye juu yake wa kupelekewa mashtaka. Kijana asema kuwa kila afikapo Salgaa, kile kituo cha malori kilicho magharibi ya Nakuru ambapo madereva hula na kulala, simu hulia. Tajiri humtukania mama yake kwa sauti ambayo utingo aliyeketi kando huisikia yote: mbona umesimama, mafuta yamekwenda wapi, wewe mwizi, wewe punda. Wazee wake walipoelezwa walimjibu kwa neno moja tu: subiri.

Neno hilo ni zuri, walakini laelekea kufahamiwa sivyo. Subira tuliyoamrishwa ni kuuzuia ulimi na mkono visifanye lisilofaa wakati wa ghadhabu. Haina maana ya kumwachia dhalimu aendelee mpaka ajione kuwa yuko katika haki. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu ametubainishia kuwa hapendi maneno maovu yatangazwe, kisha akamtoa katika makatazo hayo mwenye kudhulumiwa. Mdhulumiwa basi ana rukhsa ya kusema alivyodhulumiwa. Amwambiaye mtu aliyetukanwa kuwa dini yamtaka anyamae milele, huyo ameizidishia dini lisilokuwamo.

Na kisa cha Abu Dharr (r.a.) chajulikana na kila aliyepita chuoni. Alimtukana mtu kwa mama yake. Mtume (s.a.w.) hakumwambia aliyetukanwa avumilie, alimgeukia Abu Dharr, akamwonya kuwa bado ana tabia ya siku za ujahili, na akamfunza kuwa wale walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, wala wasitwikwe wasiloliweza. Tuzingatie ni nani aliyekaripiwa. Abu Dharr ni katika wa mwanzo kusilimu, na hilo halikumfunika. Basi tajiri wa leo asidhani kwamba mazulia aliyoutandikia msikiti yatamfunika yeye.

Hayo ni upande wa dini. Upande wa sheria ya nchi, vijana wetu wengi hawaijui, na kwa kutoijua huanguka katika shimo walilochimbiwa. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 44, imehesabu makosa ambayo kwayo mwajiri aweza kumfukuza mtu papo hapo bila ya notisi. Moja wapo ni mfanyakazi kumtolea mwajiri wake lugha ya matusi. Jingine ni kutoweka mahali pa kazi bila ya ruhusa. Yatazameni mawili haya kwa makini. Tajiri amtukana kijana mara mia. Mara ya mia na moja kijana amrudishia tusi moja, au atupa funguo za lori pale Salgaa na kupanda matatu arudi pwani. Siku hiyo tajiri amepata alichokuwa hana, nacho ni sababu ya kumfukuza. Kwa hiyo kuuzuia ulimi si adabu peke yake, bali ni kuilinda haki yako isipotee. Hata hivyo, kifungu cha 41 chamlazimu mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza, naye mfanyakazi akiwa pamoja na mwenzake amtakaye. Mambo haya tajiri wa malori manne mara nyingi hayafuati.

Liko jambo jingine ambalo laipinga kabisa ile rai ya wazee. Mahakama ya Rufaa, mwaka 2015, ilikubali kwamba mwajiri akiifanya kazi kuwa haivumiliki, na mfanyakazi akalazimika kuiwacha, kuwacha huko kwaweza kuhesabiwa kuwa ni kufukuzwa, na aliyetoka akadai fidia. Lakini mahakama iliweka masharti. Ni juu ya mfanyakazi kuthibitisha, na asiwe amekwisha kuyaridhia yale anayoyalalamikia, na aondoke katika muda wa wastani. Aliyetukanwa miaka sita hali amenyamaa kimya, bila ya kusema neno wala kuandika mstari, ataulizwa: mbona siku zote hizo ulikuwa radhi? Yaani kule kunyamaa alikoambiwa kuwa ni subira kwaweza kuwa ndio hoja ya kumshinda.

Basi afanye nini? Kwanza aseme, na aseme kwa adabu. Asiseme kwa simu wakati moto unawaka, wala mbele ya watu, kwani mwenye kiburi akionywa mbele ya watu huzidi. Amwendee siku ya utulivu, amwambie kwa mfano: “Mzee, kosa langu nionyeshe nami nitalirekebisha, lakini mama yangu hukumwajiri.” Wako matajiri ambao hawajapata kuambiwa neno hili na mtu yeyote, na wakiambiwa hutahayari. Sisi tumewaona wawili. Wengine hawatahayari, na kwa hao kijana na awe na daftari. Aandike siku, saa, mahali, tusi lenyewe kwa lafudhi yake, na nani alisikia. Utingo ni shahidi. Ujumbe wa matusi ulioandikwa katika simu usifutwe. Hata ujumbe wa M-Pesa wa mshahara ni ushahidi kuwa wewe ni mwajiriwa wake, khasa katika kampuni hizi ambazo mkataba wa maandishi hauko. Akishindwa kuyabeba peke yake, madereva wa masafa marefu wana chama chao; na ofisi ya kazi iko Mombasa na iko Nakuru. Kulalamika huko hakumpi mwajiri haki ya kumfukuza. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 46, yakataza, maadamu malalamiko yana msingi.

Na akiamua kutoka, basi atoke kwa mlango. Alipwaye kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, na ndani yake ataje sababu ya kuondoka. Adai mshahara wa siku alizofanya kazi na cheti cha kazi, ambacho ni haki yake ikiwa amefanya wiki nne mfululizo, hata kama tajiri amemkasirikia. Na ikiwa amefukuzwa, asikae barazani akingoja moyo utulie: malalamiko kwa ofisa wa kazi hupelekwa ndani ya miezi 3 tangu kufukuzwa.

Hatuwezi kuitaja Salgaa tukaacha kusema juu ya barabara yenyewe. Kutoka Mau Summit kupita Sachangwan hadi Salgaa ni mteremko mrefu. Dereva ashukaye hapo na shehena yapasa ashuke kwa gia nzito, injini ilizuie lori. Wako waitoao gia, wakaliacha lori literemke lenyewe ili dizeli isitumike. Hapo mzigo wote hubaki juu ya breki, breki hupata moto, na zikishapata moto hazishiki. Desemba 31, 2017, pale Migaa karibu na Salgaa, basi liligongana na lori na watu zaidi ya 30 wakafa. Hatusemi kuwa ajali ile ilitokana na matusi ya mtu. Twasema kwamba tajiri amtukanaye dereva kwa lita tano za mafuta amfunza kuitoa gia mteremkoni, na dereva ambaye mikono yamtetemeka kwa hasira hakufaa kuwa usukanini. Akiamrishwa hivyo, na akatae. Sheria humwadhibu anayekaidi amri iliyo halali; hii si halali.

Ndugu zetu wenye malori, maduka na magereji, ambao wengi wenu husoma ukurasa huu, msidhani kuwa mmesahauliwa. Twajua kuwa dereva mwizi wa mafuta yuko, na deni la benki haliulizi shehena imechelewa wapi. Mwizi ana njia yake: apewe barua, asikilizwe, na ikithibitika aondoshwe. Tusi halijapata kurudisha lita moja. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 tangu utotoni, na akashuhudia kuwa hakupata kuambiwa hata neno dogo la kuudhika. Hapana shaka mtoto wa umri ule alikosea mara nyingi.

Limebaki swali alilouliza yule kijana mwishoni, nalo latupendeza kwa kuwa laonyesha moyo wenye khofu ya Mungu: je, kumshtaki tajiri kwa ofisa wa kazi si kumsengenya? Jawabu ni kuwa si usengenyaji ulioharamishwa. Imam Nawawi ameorodhesha mahali sita ambapo rukhsa ya kumtaja mtu kwa ubaya wake yapatikana, na mahali pa kwanza ni mdhulumiwa kumshtakia mwenye uwezo wa kumtolea haki yake. Kuyarudia matusi hayo kila jioni katika vibanda vya chai vya Salgaa ili watu wacheke, hilo haliingii humo. Lakini ikiwa dereva mwenzake amekuja kumtaka shauri, akasema, “Ndugu yangu, tajiri yule ameniita kazini, niende?”, basi amweleze ayajuayo kwa kadiri ya haja, wala asimfiche.